Kiti Yangu ya Mbele Kule Kabare ya Kashikishi

Mimi sichekake ovyo. Batoto yangu banajua, na bajukuu banajua zaidi. Mama yangu alinizaa upande wa Pweto, kule Kongo ng'ambo ya ziwa, nikaolewa upande huu wa Kashikishi, na pande zote mbili za ziwa batu balisemaka uso yangu iko sawa mulango ya kanisa siku ya kazi: imefungwa, na ufunguo iko na mutu mwingine. Basi, naandika habari ya mahali penye uso ile ilipata kazi, tena kazi kubwa, miaka ile ya vita ya ng'ambo, karibu na kuisha kwa miaka ya tisini. Leo ukifika pale unakuta muchanga na imbwa mbili tatu.

Bwana yangu alikuwa muzee wa bandari na muzee wa kanisa, yote mbili. Mutu murefu. Jua ikiwaka ana mwavuli mweusi, mvua ikinyesha ana mwavuli ule ule. Kila asubuhi alipita kwenye nyavu za bavuvi, anainama, anatazama macho ya wavu, na kama macho ni madogo kupita sheria anapuliza filimbi. Hata bata walitoka njiani wakiisikia.

Alikuwa na hangari ya zamani karibu na nyumba yetu, mahali penye baba yake alitengenezaka mashua. Batu ya Kongo walipoanza kuvuka mingi mingi, mwanamuke moja, mukubwa wa mwili, mufanyabiashara wa samaki ya kukausha, akakuya kuomba hangari ile. Alipenda kuitwa Patro, na sisi tukamwita hivyo. Bwana akamuuliza anataka kufanya nini mule.

"Tata, ni kupumzisha batu tu," alisema.

Bwana alifikiri ni kuuza bukari, ugali ya kwetu, na chai.

Masanduku yake yalivuka kesho yake. Mbili zilikuwa na sufuria. Tatu zilikuwa na manyoya ya kanga, kofia za kumetameta, na viatu vya kisigino kirefu, namba ya mwanaume. Nyuma ya masanduku batu banne: dada wawili bachezaji, mwanaume munene mwenye aliwapikiaka batu ya migodi, naye anaimba na sauti ya mwanamuke, ndiye mwenye viatu, na muchekeshaji moja mwembamba, magoti yake yamemutangulia. Bon. Hivyo kabare, nyumba ya nyimbo na michezo, ilianza kwetu.

Musifikiri mambo ya usiku. Usiku kwetu ni ya chisense, vile visamaki vidogo sawa sindano. Jua ikizama baume banapakia taa ndani ya mashua na banaenda kuvutia samaki, taa zote za Kashikishi ziko majini. Nani atacheza gizani, na nani atamuona? Spektakli ilianza saa nane ya muchana, kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, ikaisha saa kumi na moja. Jukwaa ilikuwa mashua mbili zilizolazwa kifudifudi, na mbao juu. Pazia ilikuwa chandarua. Haikuficha kitu, tuliwaona banavaa, banagombania kioo, halafu pazia inafunguliwa na sisi wote tunashangaa sawa batu hawajaona.

Bazee bengine ya kanisa walikuya kunung'unika. Bwana aliwasikiliza, akatikisa kichwa, kisha akaniita.

"Utaenda kila siku ya posho," alisema. "Utakaa mbele kabisa. Siku utakayoona haya, unaniambia, nafunga siku ile ile."

"Na kama sioni?"

"Weye utakosa kuona?"

Patro alisikia. Jioni alikuya kwa jiko yangu, akakaa kwa kibao yangu, kibao ikalia. Aliniambia bila kuzunguka: walikuwa wanakaa hapa ziwani sababu bwana yangu alitoa neno kwa biro ya wakimbizi kwamba bako na nyumba na kazi. Hangari ikifungwa, neno ile imekufa. Batapandishwa kwa lori hadi kambi, kule bara, mbali na maji.

"Mama, kule hakuna ziwa," alisema. "Mimi bila samaki ni nani? Na hawa banne, huyu atatupwa huku, huyu kule. Maisha yetu iko kwa uso yako."

"Basi mufanye vizuri," nilimujibu, nikaendelea kuchagua maharagwe.

Nilibeba kiti yangu mwenyewe, nikaiweka mbele, nikakunja mikono. Siku ya kwanza munene aliimba wimbo ya mapenzi na kiatu kimoja kimevunjika kisigino, anapanda anashuka sawa mutu anatembea kwenye matuta ya mihogo. Batu walicheka hadi wakalala juu ya meza. Mimi nilikaa. Wiki ya pili vilevile, nilikaa. Wiki ya tatu muchekeshaji alisimama kwa ukingo ya jukwaa, akanitazama sana, akawaambia batu:

"Jameni, huyu mama amefiwa na nani? Tumupe pole."

Nilikaa.

"Mama wa mbele," akasema, "nitakuvunja mbavu, Noeli haijafika."

"Vunja kuni," nilisema. "Patro hana."

Kutoka siku ile ikawa mashindano. Batu walikuya kutoka Nchelenge kwa baiskeli, walivuka kutoka kisiwa ya Kilwa, ile ya ziwa yetu, si kwa kuona dada wawili peke yao, ni kwa kuona kama leo mama wa mbele atacheka. Yule mwembamba alicheza mutu wa forodha anaomba kambale pasipoti, anaigeuza mbele na nyuma, anamuambia picha haifanani, kwa picha hauna ndevu. Alicheza mama mwenye anahesabu vipande vya nyama mbele ya kulala. Mimi niliuma pindo ya kitenge yangu. Nilifikiri matanga yote niliyokwenda. Nilifika hadi matanga ya utoto. Siku ya kambale ile ilibakia kidogo sana nicheke, na machozi ilinitoka. Jirani akanipa leso, alifikiri nimekumbuka mama yangu.

Nikirudi nyumbani bwana anauliza: "Ripoti?"

"Hakuna haya."

"Na kitenge yako, mbona imetoboka tena?"

"Ni panya."

"Panya inapenda tu siku ya posho," alisema, akafungua Biblia yake.

Uongo mimi sipendi. Lakini panya kweli walikuwako, tena mingi.

Nikumbuke na ile siku ya mvua. Nje ya hangari muchanga wote ulikuwa mweupe na chisense ya batu, imeanikwa. Chisense ikilowa imeoza, na wiki nzima ya mutu imepotea. Dada wawili walikuwa katikati ya mchezo, manyoya hadi kwa masikio, wakati mutu alisema mulangoni, pole pole, "Wingu." Hakuna mwenye aliuliza. Hangari ilimwagika yote. Dada walifagia chisense na mikia yao ya kanga. Munene alikusanya kwa kofia ya kumetameta, akaingiza na kwa kifua ya gauni. Muchekeshaji alikimbia na beseni anaimba wimbo ya munene vibaya. Mvua ilipopiga, hakuna samaki hata mumoja alibaki nje, na bachezaji wakapanda tena jukwaa, banaendelea palepale mukono ilipokuwa imesimama. Wiki mbili hangari ilinuka. Mule ndani ya kundi nilikuwa nimekimbia na mimi, kitenge mabegani, na uso yangu, nasikia, ilikuwa imefunguka kidogo, lakini mvua ilificha.

Sasa nifike kwa jambo yenyewe. Wiki mbili mbele ya Noeli, pazia ilifunguka na muchekeshaji akatoka polepole, murefu, shingo mbele. Juu ya kichwa ameshika jani ya ndizi. Mudomoni ana bua ya papai. Akatembea kwa ukingo ya jukwaa, akainama, akatazama nywele za mutu wa kwanza sawa mutu anatazama wavu, akazipima na vidole, akapuliza bua.

Ilikuwa bwana yangu. Ile mwendo, ile kikohozi ya mbele ya kusema neno. Hangari ilipasuka. Mutu moja alianguka na benchi yake. Mimi kitenge ilikuwa imefika hadi koo.

Halafu kicheko ikaanza kufa kutoka nyuma. Ilikufa meza kwa meza, ikafika hadi kwangu. Nikageuka. Bwana yangu alikuwa amesimama mulangoni, mwavuli wazi.

"Huyu ni nani?" alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na mimi naijua ile ya chini.

Patro alitazama masanduku yake. Dada mumoja akaanza tayari kutoa manyoya yake, moja moja, sawa mutu anafunga safari. Niliona lori. Naapa nililiona, na Patro juu yake, mugongo kwa ziwa.

Lazima niseme desturi yetu. Kwetu ukoo inafuata mama, na kila ukoo iko na batani yake, batu ya kutaniana nayo. Ukoo ya Chui na ukoo ya Mbuzi ni batani, upande huu wa ziwa na upande ule, sababu chui anakula mbuzi. Mbuzi anaweza kumutukana chui mbele ya batu bote, na chui akikasirika, haya ni ya chui. Bwana yangu alikuwa Chui.

Nikasimama.

"Weye mbuzi," nilimuambia muchekeshaji, kwa nguvu. "Unaanza kumutania chui bila kumusalimia kwanza?"

Yule mwembamba alitoa bua mudomoni. "Mama?"

"Nimesema mbuzi. Mama yako si wa ukoo ya Mbuzi? Haukuniambia mwenyewe, kwa jiko yangu?"

Kweli, hakuniambia kitu hata siku moja. Alikuwa mutoto wa muji, alikulia kwa baba yake kule migodini, ukoo ya mama yake hakuijua. Lakini alikuwa fundi. Ukimutupia kitu, anadaka. Alinitazama mara moja, akamutazama bwana, akapiga magoti yale yake.

"Meee," alisema.

Mwavuli ya bwana ilibaki wazi.

"Meee," alisema tena, sasa na huzuni, akakunja mwavuli wake wa jani na akaanza kuukula.

Bwana yangu alifunga mwavuli. Alitembea katikati ya meza, ile mwendo, kweli ile ile kabisa, na batu walifunika midomo. Alipanda jukwaa. Mashua zililia. Alimuzunguka muchekeshaji, akamubonyeza mbavu na ncha ya mwavuli.

"Mbuzi yangu imekonda," alisema. "Hii hata supu haitoki. Nani anamuchungaka?"

"Ni mama wa mbele, tata," mbuzi alisema, jani mudomoni.

"Ehe. Mama, sogea kidogo."

Alishuka, akabeba kiti yangu, akaipandisha juu. Akakaa. Akakunja mikono. Akafunga uso. Kisha, polepole, muzee wa bandari, muzee wa kanisa, akashika pindo ya koti yake, akaiingiza mudomoni, akaanza kuiuma, na macho yake yakatoka sawa ya kambale.

Wiki zile zote alikuwa anajua. Panya wale wote.

Nilicheka. Ilianza sawa motere ya mashua ya zamani, inakohoa, inakataa, halafu ikashika, na ikishashika mimi sikuwa na pahali pa kuizimia. Batu waliona meno yenye sina. Nilikaa chini mahali kiti yangu ilikuwaka na haikuwako tena, nikaanguka, na pale chini nikacheka zaidi. Dada wawili walikuya kuniinua, wakaanguka bo pia. Munene alikuwa analia na sauti yake ya kweli, nzito sawa ngoma. Nasikia kule majini bavuvi ya chisense waliotangulia kutoka na taa zao waliuliza ni nani amepata mapacha.

Nyumbani bwana alivua koti, akaitundika. "Ripoti?"

"Leo nimeona haya."

"Ya nani?"

"Ya muzee moja ya kanisa."

"Basi tutamufungia yeye," alisema.

Bazee walipokuya tena, aliwaambia yule ni mbuzi yake, na chui hafungi mbuzi yake kwa sababu ya kulia mee. Nusu yao na bo walikuwa Chui. Walikunywa chai na wakarudi. Kabare ilibaki, na bale batano walibaki kando ya maji, hadi vita kule kwao ilipotulia na walivuka mumoja mumoja. Patro alivuka wa mwisho, na masanduku. Ziwa ikapanda, ikachukua nguzo za hangari.

Mbele ya kuvuka, muchekeshaji alikuya kwa jiko yangu. Alikuwa amepata mama yake mudogo kule soko, amemuuliza.

"Mama, mimi si Mbuzi. Mimi ni wa ukoo ya Mvua."

"Weye ni mbuzi tangu siku ile ya posho," nilimuambia. "Nyamaza na kula."

Miaka mingi ikapita, bwana yangu akafa. Kwetu mutani ndiye anafanya kazi ya maziko, anafanya na utundu, anazuia jeneza, anaiga marehemu, na hakuna mwenye kumukataza. Asubuhi ya maziko mashua ilifika kutoka Pweto, na muzee moja mwembamba akashuka, magoti mbele. Bajukuu wakamuuliza ni nani.

"Mutani," alisema. "Mbuzi."

Alichukua mwavuli mweusi juu ya jeneza bila kuomba. Akatangulia mbele yetu hadi makaburi, shingo mbele, ile mwendo, na kila wavu ulioanikwa njiani alisimamisha jeneza, akainama, akapima macho na vidole, akapuliza bua ya papai. Batu walikuwa wanalia na wanatikisika, haujui ni nini. Mimi nilikuwa mbele, mbele kabisa. Akageuka, akanitazama sana.

"Mama wa mbele," alisema. "Noeli iko mbali bado."

Nilishika pindo ya kitenge yangu, nikaiuma. Ilikuwa kitenge mupya, nguo ngumu. Haikusaidia kitu.