Siku Niliyolala Juu ya Meza ya Treni

Kuna watu hapa Uvira wanaoniita Marehemu mpaka leo, na wakiniita naitika, nifanye nini sasa, nimeshazeeka na jina hilo. Wengine wenu mmelisikia mkadhani niliponea chupuchupu wakati wa vita, mkaniheshimu, nami (Mungu anisamehe) nikawaacha mniheshimu. Leo nasema ukweli. Sikuponea kitu chochote. Nililala usingizi, mchana kweupe, katikati ya barabara, juu ya meza niliyoitengeneza kwa mikono yangu, na nikikumbuka yaliyofuata masikio yangu bado yanawaka.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru wa Kongo, mwaka ule uasi ulipoanza kunong'onwa bondeni, vijana wakipotea mmoja mmoja kuelekea upande wa Luvungi na kule juu milimani, na mjini askari wameweka barieri za kuzuia njia kila penye daraja. Mimi nilikuwa fundi wa mbao, kijana wa miaka ishirini na miwili, naitwa Etiene, na kazi yangu haikuwa mbaya hata kidogo. Tatizo langu lilikuwa kuota. Wenzangu huota wamelala, mimi nilikuwa naota nimesimama, msumeno mkononi. Nikiranda ubao nikaona mistari yake ya ndani ikijitokeza, basi nimeshaondoka, naiona mito, nauona ukungu unaofunika ziwa asubuhi mpaka milima ya Burundi ionekane kama inaelea, na hapo mpaka mtu aje anishike bega.

Siku moja akaja Papa Kashindi. Huyu alikuwa dereva wa treni ya zamani, ile iliyotoka Kalundu kwenda Kamanyola (ilikuwako kweli, msibishe, reli ziling'olewa kabla ya Uhuru, na leo ukiwaambia watoto kwamba treni ilipita pale wanakuona umelewa). Mzungu aliyekuwa mkubwa wake, alipokuwa anafunga mizigo kurudi kwao, alimwachia sanduku lenye treni ndogo ya kuchezea: kichwa chake kinaenea kiganjani, mabehewa manne, na reli nyembamba kama ngazi za sisimizi. Ukiiunganisha na betri ya gari, inatembea. Papa Kashindi alitaka kuitandika njia yote juu ya meza, kituo kwa kituo, aionyeshe kwenye kermesi, ile sikukuu ya parokia baada ya Pasaka, ili watoto wa shule waone kwa macho yao.

"Etiene," aliniambia kwa sauti kubwa (masikio yake yaliharibiwa na mashine, alizungumza na kila mtu kama yuko ng'ambo), "minye nataka meza ya nguvu. Hii treni iko ndogo, haivumilie kutikisika. Meza ikicheza kidogo tu, inaanguka. Na uifanye bipande bibili, tukaze na bulo hapa katikati, sababu itabebwa. Umesikia weye?"

"Nimesikia, Papa."

Nilisikia vizuri sana. Lakini mbao za mvule nilizopata zilikuwa na urefu wa mita nne, na nilipoziranda mistari yake ilikimbia kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kama mto Ruzizi unavyopita bondeni, haikatiki popote. Nikasimama nayaangalia maajabu yale. Nikaona nikikata katikati, msumeno utapita palepale Luvungi, na treni ikifika pale itaruka kidogo, tak, na ndoto yote itaharibika. Basi nikaiacha nzima. Ni hilo tu nililoamua, bila kumwambia mtu, na yote yaliyonipata yalitoka hapo.

Niliijenga uani kwake, chini ya kibanda cha mabati. Miguu sita minene, kila mguu umeingia kwenye tundu lake bila msumari hata mmoja, na mbao za kukingama za kuikaza chini. Niliweka pimamaji, lile povu likatulia katikati kama limelala. Nikapanda juu nikaruka. Mama Feza, mke wa Papa Kashindi, naye akapanda akaruka huku akicheka, na kikombe cha maji tulichokiweka pembeni hakikumwaga tone. Papa akaja, akainama chini, akazitafuta zile bolti.

"Bulo iko wapi?"

"Papa, sikuona kama zinahitajika."

Akainuka. Kisha akaupitisha mkono juu ya ubao, taratibu, kutoka Kalundu hadi Kamanyola.

"Iko muzuri," alisema kwa huzuni. "Lakini weye ndiye utaibeba."

Tukaitandika njia. Milima tuliifinyanga kwa magazeti ya zamani na uji wa unga wa muhogo, ziwa lilikuwa kioo kilichopakwa rangi ya bluu kwa chini, na vituo vilikuwa maboksi ya viberiti yaliyopakwa rangi nyekundu. Siku nne za mwisho nilifanya kazi karibu bila kulala, macho yamekuwa mekundu, na sikuhisi uchovu kwa sababu sikuwa hapa duniani.

Siku ya kermesi ikaja kamioneti ya parokia. Dereva akaitazama meza, akaitazama gari yake, akaitazama tena meza. "Mumejenga daraja?" akauliza, kisha akawasha injini akaenda zake. Ikabidi tutafute wanaume wanane waibebe mabegani. Walipoinyanyua, milima ikaanza kutikisika, kwa sababu mvua za masika zilikuwa hazijaacha ule uji ukauke, na Papa Kashindi akapiga kelele: "Milima iko naanguka! Etiene, panda!"

"Na yeye tena?" wakalalamika wale wanane. Lakini nilikuwa mwembamba, nikapanda, nikajilaza ubavu upande wa ziwa, nikaikumbatia milima kama mtu anayemkumbatia mgonjwa. Manyunyu yakaanza. Mama Feza akaleta shuka lake jeupe, akalifunika lote, treni, milima na mimi.

Ndugu zangu, sijui niwaelezeje chini ya shuka lile. Mwanga ulikuwa mweupe na laini. Kulikuwa na harufu ya rangi na ya muhogo. Wale wanane walitembea kwa hatua moja, meza ikayumba kidogo kushoto, kidogo kulia, na kichwa cha treni kilikuwa karibu na pua yangu kabisa, mpaka kikaanza kuwa kikubwa, kikubwa, nikaona mlango wake, nikaingia. Nikajiona nimesimama na Papa Kashindi akiwa kijana, tunapita bondeni kati ya mashamba ya pamba, pamba imefunguka pande zote mbili hadi milimani, na wanawake mashambani wanainua mikono wakituimbia. Ila nilishangaa kidogo kwamba wimbo wao ulikuwa wa huzuni, na kila tukienda wanazidi kuwa wengi.

Yaliyokuwa yanatokea nje niliambiwa baadaye. Hebu yaoneni: wanaume wanane wamekunja uso kwa sababu ya uzito, wanatembea polepole. Mbele yao Papa Kashindi amevaa koti lake jeusi la reli, kofia mkononi kwa sababu ya jasho. Nyuma Mama Feza amejifunika kitambaa kichwani kwa sababu ya manyunyu. Shuka jeupe. Na mwisho wa shuka, miguu yangu miwili, peku, imetokeza. Mwanamke mmoja kwenye kona akatua beseni lake akalia. Wa pili akalia. Wanaume wakatoka majumbani wakaja kusaidia kubeba, kama tunavyofanya siku zote, na hakuna aliyeuliza ni nani amekufa, sababu mwaka ule watu hawakuuliza mambo hayo njiani.

Mmoja wa wale wanane nilimuuliza baadaye kwa nini hawakusema neno. Akanijibu: "Pumzi ya kusema ingetoka wapi? Na bale baliokuja balitupunguzia kilo, tungebafukuza juu ya nini?" Papa Kashindi hakusikia kitu, masikio nimeshawaambia. Mama Feza ndiye aliyejaribu, maskini, alikuwa anageuka kila upande akisema, "Hapana, bamama, ni treni! Ni treni!" na wanawake wakamshika mikono wakambembeleza, wakidhani msiba umemgusa akili.

Karibu na daraja palikuwa na Mama Byamungu, mjane, muuza mawese. Byamungu alikuwa mwanawe wa pekee na rafiki yangu, urefu wetu sawa, na alikuwa ameondoka miezi miwili nyuma. Habari ya mwisho ilisema ameonekana Luvungi. Mama yule akaiona miguu yangu. Aliacha chupa zake, akaja mbio bila kutoa sauti, na waliokuwa wanalia wakanyamaza, na wabebaji wakaitua meza barabarani. Akalishika shuka. Akalifunua.

Mimi nilisikia tu treni imesimama. Nikafungua macho, nikaona uso wa mama yule juu yangu, nikamuuliza kwa adabu:

"Mama, tumefika Kamanyola?"

Barabara ikabaki tupu. Mabeseni yalilia kama kengele, na mmoja wa waliokuja kusaidia aliruka mtoni na nguo zake. Mama Byamungu peke yake hakukimbia. Aliniangalia. Kisha akanipiga kofi ambalo nalisikia mpaka sasa, halafu akanivuta kichwa akakiweka kifuani mwake akalia, mimi nikiwa na rangi nyekundu ya kituo cha Luvungi shavuni, na hapo ndipo nilipoamka kweli, nikaelewa miguu yangu aliidhani ya nani. Ningeomba ardhi ipasuke, lakini nilikuwa juu ya meza.

Askari wa barieri wakaja mbio na bunduki. "Bote chini! Mukae chini!" Sajini akaona nyaya, akaona betri ya gari tuliyoifunga chini ya meza, akadhani ni bomu, akamshika Papa Kashindi kola ya koti.

"Hii ni nini?"

"Treni, shefu."

"Treni gani? Hapa Uvira kuko treni?"

Mzee wa watu alikuwa anakamatwa kwa ajili ya usingizi wangu. Lakini Papa Kashindi akasema kwa utulivu, "Unipe dakika moja," akainama, akaunganisha waya. Meza ilikuwa imesimama juu ya mawe na mashimo ya barabara, na hata hivyo haikutetemeka. Treni ikaondoka Kalundu. Ikapita kando ya kioo cha ziwa, ikapita Sange, ikaingia milimani ikatoka, ikasimama Kamanyola. Waliokuwa wamekimbia wakaanza kurudi. Sajini akachuchumaa, bunduki magotini, macho usawa wa reli.

"Irudishe," akasema, safari hii kwa sauti ya chini.

Ilipokuwa inarudi, Mama Byamungu, aliyekuwa amekaa chini matopeni, akauliza: "Luvungi iko wapi?"

Papa akamwonyesha boksi la kiberiti.

"Isimame pale."

Akaisimamisha. Manyunyu yalikuwa yameisha. Mama akaliangalia boksi lile mpaka akatosheka. "Basi," akasema. "Iende."

Askari wakatuachia. Kwenye kermesi watu walijaa kweli, ila nusu yao walikuja kumwona maiti aliyeuliza njia. Jumapili nilikwenda kwa Mama Byamungu kuomba msamaha. Aliniacha nimesimama mlangoni, akasema: "Etiene, unajua nini iliniliza? Nilipofunua nikaona si yeye, nilifurahi. Nilifurahi kwamba ni weye ndiye umekufa." Nikakaa, akanipa ugali na ndagala, tukala. Byamungu alirudi uasi ulipokwisha, anachechemea lakini mzima, na mama yake alikuwa amemhifadhia mkasa huu wote, neno kwa neno.

Basi mimi nimejifunza hivi: fundi akiambiwa vipande viwili, avifanye viwili, ndoto zake azipeleke kwenye meza ya nyumbani kwake. Na tangu siku ile sijalala juu ya kitu chochote chenye miguu isipokuwa kitanda, na hata kitandani, baridi iwe kali namna gani, mbu wawe wengi namna gani, shuka langu halivuki kidevu changu.