Julia wa Tatu

Mwaka ule vita vilifunga barabara ya Beni, na biashara ya maharagwe ya baba ikafa palepale kwetu Kimemi. Akaamua kwenda kulima Vuhovi, na mimi, binti yake wa tatu, niache shule, na Kilatini nilichosoma huko, nimsaidie. Jembe langu lilikwisha kuwekwa mlangoni, na mpini mpya.

"Latin njo italima shamba?" aliniuliza.

Nilinuna wiki nzima, na kununa nilikuwa nakuweza. Mama akamsihi, hadi baba akakubali kuja kwanza kusikiliza mtihani wangu wa mdomo, maana mwisho wa mwaka wa shule wazazi walialikwa.

Padri aliyetufundisha akaniuliza ukoo wa kina Julius, wale wa Roma, uliacha nini katika Kilatini. Rahisi! Uliacha jina la mwezi wa Julai, mwezi huohuo tuliokuwa nao. Padri akatabasamu. Je, mtu wa ukoo huo akizaa mabinti watatu, wanaitwaje?

"Wa kwanza Julia," nikajibu bila kusita, "wengine wanapewa majina mengine, kila mmoja la zamu yake."

Kwetu Wanande kila zamu ya kuzaliwa ina jina lake. Nani angedhani vingine?

"Hapana," padri akasema. "Wote watatu ni Julia."

Darasa likacheka. Mimi nikaliona akilini lile jembe la mlangoni, nikataka kulia.

Ndipo baba akasimama kule nyuma, kofia mkononi, akamwomba padri radhi.

"Pardon, mon père. Bote batatu Julia? Sasa mama yabo akiita, nani anaitikaka?"

"Mujibu baba yako," padri akaniambia.

Nikakumbuka neno moja kitabuni: *Tertia*, wa tatu.

"Baba, banabahesabu! Julia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Miye ningekuwa Julia Tertia."

Baba alicheka hadi akashika benchi. "Kumbe! Baroma nabo banahesabiaka batoto sawa siye!"

Padri naye akacheka, akanipitisha. Nilifurahi mno, lakini njiani baba alizungumzia shamba tu, nami sikuthubutu kuuliza habari za shule.

Asubuhi jembe halikuwepo mlangoni. Baba alikuwa ameondoka nalo mwenyewe kwenda Vuhovi. Baada ya siku chache mwanamke aliyetuletea mihogo kutoka kule akasimama uani, akauliza kwa sauti:

"Julia wa tatu ni nani hapa? Baba yake anasema asome."