Kamba ya Mafundo Matano

Kahawa iliyochacha hunuka kama kidonda kilichofungwa kitambaa siku nyingi. Wanaoinywa mijini, ikiwa imekwisha kukaangwa na kusagwa, hawaijui harufu hiyo. Sisi tuliokulia kwenye vihamba vya Kilema, kule mlimani, katika mashamba yetu ya migomba na mibuni yaliyozunguka nyumba, tuliijua tangu tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Tunda jekundu humenywa kwa mashine ya mkono, na punje zilizojaa ute huwekwa kwenye ndoo ili ute ulainike. Siku moja au mbili baadaye, kutegemea baridi, ni lazima zioshwe kwa maji ya mfongo, ule mfereji wa wazee uliopita nyuma ya kila nyumba, kisha zianikwe kichanjani. Ukichelewa, povu la rangi ya matope hupanda hadi ukingoni, na uvundo huingia kwenye nguo, kwenye kande, hata kwenye nywele za mtu aliyelala chumba cha mbali. Nimekwisha kuvuka miaka arobaini na bado harufu hiyo hunirudia. Inaponirudia sioni ndoo. Naona nyuso za watu niliowapenda, na uso wangu miongoni mwao.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati wanunuzi binafsi walipoanza kupanda mlimani na malori yao. Kabla yao kahawa yetu yote ilikwenda kwenye chama cha ushirika, ambako karani alitia mkono ndani ya gunia, akanusa kiganja chake, na iliyochacha akairudisha mbele ya majirani wote. Baba aliiogopa aibu hiyo kuliko ugonjwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, darasa la sita, na mdogo wangu Eufrasia, tuliyemwita Frasia, alikuwa na kumi na mmoja, darasa la tano. Nilikuwa mtoto wa kukumbuka. Nilitumwa vitu vitatu nikarudi na vitatu, na Baba aliwaambia wageni kwamba mimi ni daftari lake. Frasia alitumwa moto kwa jirani akarudi na kinyonga begani na habari ndefu ya jinsi macho yake yanavyozunguka kila moja upande wake. Darasani alijua jibu lakini hakujua daftari liko wapi. Mtoto huyohuyo aliweza kusuka mkeka mdogo wa majani ya mgomba kuanzia asubuhi mpaka jua linainama, bila kuinua kichwa, na jambo hilo ndilo lililowaudhi wakubwa zaidi, kwa maana waliona kuwa akitaka anaweza. Kwa hiyo wakahukumu kwamba hataki. Baba alimpa jina la Chekecheke, kile chombo cha kuchujia ambacho hakibakizi maji, na sisi watoto tukalipokea kwa furaha.

Siku ndoo ya kwanza ilipochacha, Baba alituita sote uani.

"Ndoo hii ilikuwa ya nani?"

"Yangu, Baba," Frasia akajibu.

"Nilikwambia uioshe lini?"

"Jana."

"Na hiyo jana ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo, Baba. Nilikuwa hapahapa."

Tulicheka. Alikuwa amesema kweli tupu, maana alishinda kutwa hatua kumi kutoka kwenye ndoo ile, akiwatazama siafu wakivuka mfongo juu ya kijiti, lakini tulicheka, na kicheko chetu kikampandisha Baba hasira. Alimchapa. Kisha akampaka ute ule unaonuka kwenye paji la uso, akamkataza kunawa mpaka jioni, na Mama, ambaye kila Jumapili alishika rozari kwa vidole vilivyotulia, aligeuka akaendelea kumenya ndizi. "Ikichacha nyingine," Baba alisema, "unashuka mjini, Pasua, kwa mjomba wako ukalee mtoto. Shule haikuwekwa kwa ajili ya machekecheke." Hakuna aliyedhani anatania. Wasichana wawili wa jirani walikuwa wamekwisha kushushwa mjini kwa njia hiyo, na hakuna aliyerudi kuvaa sare.

Aliyeingilia kati ni Shangazi Kalista, dada yake Baba, aliyeishi upande wa chini wa kihamba chetu na kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa ajili ya harusi na ubatizo. Watu wa heshima walimsengenya kwa sababu ya pombe, ingawa waliinywa. Alikuja, akanusa uani, akamtazama mtoto mwenye uso uliokaukiwa na ute.

"Kaka, mtoto huyu hakuikataa kazi. Kazi ndiyo iliyomtoroka."

"Wewe na pombe yako mnajua nini?" Baba akasema.

"Pombe yangu inajua kuhesabu siku kukuzidi wewe. Nipe mtoto jioni mbili."

Kibandani kwake ilining'inia kamba ya mgomba uliokauka, yenye fundo kwa kila siku ambayo ndizi zilizochemshwa zilitakiwa kukaa kabla ya kutiwa uji wa ulezi. Kila asubuhi alifungua fundo moja. "Kichwa changu nacho hupeperuka," alimwambia Frasia, nami nikisikiliza mlangoni. "Nilipigwa kwa ajili yake mpaka masikio yakaota sugu. Sasa sikisumbui tena. Kinachotakiwa kukumbukwa nakitundika nje, nikakiona na kukishika." Akamsukia kamba nyembamba yenye mafundo matano, ya kufunguliwa moja moja kila kazi inapokwisha na kufungwa upya kila asubuhi. La kwanza lilikuwa kuchota maji, la pili kumkatia ng'ombe majani, la tatu ndoo ya kahawa, la nne daftari kuingia kwenye mkoba wa shule. La tano halikuwa kazi. Akilifikia, alikuwa na haki ya kwenda kwa Shangazi kupewa ndizi mbivu moja kutoka kwenye mkungu wa pombe, na kula ameketi, bila kutumwa na mtu yeyote. Mama alipouliza ndizi hiyo ni ya nini, Shangazi alimjibu kwamba punda hapandi mlima kwa ajili ya mlima.

Alimfundisha Mama pia, kwa ukali. "Usimwambie aoshe kahawa. Kuosha kahawa ni kazi sita. Mwambie alete ndoo. Akishaileta, mwambie amwage maji." Mwenyewe alikuja na ungo wake, akaketi karibu na Frasia kando ya mfongo akichambua ulezi, hasemi neno wala hamsaidii, na mikono ya mtoto ikatulia kana kwamba imeazima utulivu wa Shangazi. Kwa wiki tano hakuna ndoo iliyochacha. Daftari halikupotea. Siku moja Baba alitia mkono kwenye kahawa ya kichanjani, akanusa kiganja kama karani, akasema, "Chekecheke ameziba matundu." Frasia alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Wiki hiyo hakuna aliyeniita daftari.

Frasia aliivaa kamba kiunoni, chini ya sare, ili wenzake wasimcheke, na kila mara mkono wake uliiendea hata wakati wa sala. Jumamosi moja, katika mafundisho ya kipaimara, mwalimu wa dini alituuliza kama kuna mtoto anayejua nyumba ambazo bado watu huvaa hirizi. Nilinyoosha mkono. Sikuulizwa mara mbili. Nilisema, kwa sauti ile safi iliyonipatia sifa za kusoma masomo kanisani, kwamba mdogo wangu amefungwa kamba ya mafundo kiunoni na mpika pombe.

Mwalimu alimsimamisha Frasia mbele, akamwamuru aifungue. Vidole vyake vilikawia kwa sababu, masikini, alijaribu kuifungua bila kuharibu mafundo matatu ambayo alikuwa hajayafikia. Mwalimu akaikata kwa wembe.

"Fundo hili la nani? Na hili? Mizimu gani hii?"

"Ni ya kahawa, mwalimu. Hilo la ndoo, hilo la daftari."

Watoto wakaangua kicheko. Frasia akanigeukia. "Waambie, dada. Wewe unajua ni ya kahawa."

"Sijui," nilisema.

Kamba ilitupwa kwenye moto wa majani makavu uliokuwa ukifuka kwenye uwanja wa kanisa. Wazazi wangu, waliokuwa wakiiona kila siku na kujua hesabu yake yote, hawakwenda kusema kweli. Waliogopa kusemwa kuwa wanatetea uchawi, na Shangazi akapigwa marufuku kukanyaga kwetu. Siku nne baadaye ndoo ilichacha. Jumatatu iliyofuata Frasia aliteremka Pasua akiwa na nguo zake ndani ya mfuko wa nailoni.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo lori la mnunuzi lilisimama njiani kwetu. Baba aliitoa ile kahawa iliyochacha, ambayo alikuwa ameikausha kimyakimya, akaimwaga chini ya gunia na kuifunika kwa nzuri. Mnunuzi hakutia mkono. Hakunusa. Alifunga gunia, akalirusha garini, akaenda. Jioni Baba alisimulia mezani huku machozi ya kicheko yakimtoka: "Biashara huria hii! Siku hizi hawana pua!" Mama akacheka. Nami nikacheka, nikachukua kipande cha pili cha ndizi. Kosa ambalo mtoto alipakwa uvundo usoni kwa ajili yake, kisha akang'olewa shule, lilikuwa limepakiwa na kuondoka bila mtu kukunja uso, na hakuna mmoja wetu aliyesema, basi mrudisheni. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza unyama wa watu wakubwa katika mambo makubwa. Havijanitia kinyaa kama meza ile.

Sasa nina binti, Neema, mwenye miaka tisa. Mwaka jana daktari alitueleza kwamba ana upungufu wa umakini, kwamba si uvivu wala utovu wa adabu, na akaanza kutushauri: kazi ikatwe vipande vidogo, kumbukumbu iwekwe mahali ambapo jicho na mkono vinaifikia, mtu mzima aketi karibu naye bila kumkemea, na jambo jema limngoje karibu, lisiwe la mwisho wa mwaka. Mume wangu aliandika yote kwa makini. Mimi nilihisi ute ukinikaukia usoni. Watu wa rika langu hujisifu kwamba tumestaarabika, simu zetu hulia kutukumbusha kila jambo, lakini bado nawasikia walimu wenzangu wakiwaita watoto vichwa maji, kisha wanafunga kipindi kwa sala.

Kwetu, aliyekosa huchukua jani la masale, mmea ule wa mipakani, akalipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa haruhusiwi kukataa kusamehe. Nilikata jani hilo kihambani. Nilipofika njia panda nikalitupa, kwa sababu niliona uchafu mwingine katika kumnyang'anya Frasia hata haki ya kukataa. Nikaenda Pasua mikono mitupu, pamoja na Neema. Frasia anauza chakula; juu ya meko yake zinaning'inia kamba za mafundo, moja ya maharage, moja ya mkaa, moja ya dawa za mumewe. Nilimwambia, nimesimama: nilijua ilikuwa ya kahawa, na nilijua nilipokuwa nasema sijui.

Aliendelea kukoroga. "Nilijua kwamba unajua," alisema. Sikumwomba aongeze neno.

Kisha akamtazama Neema, aliyekuwa amekwisha kusahau kusalimia na kuchutama kutazama siafu. "Wewe, njoo hapa." Neema akakurupuka: "Shikamoo, mama mdogo." "Marahaba. Unasahau nini zaidi?" Wakaanza kuhesabu pamoja. Frasia alichana uzi wa mgomba, akafunga mafundo matano, akaupitisha kwenye kifundo cha mkono wa mwanangu, juu ya nguo, mahali ambapo kila mtu atauona. "Mtu akikuuliza ni nini," alimwambia, bila kunitazama, "mama yako atamjibu."