Doa Begani mwa Mzimu

Shangazi yangu ni fundi cherehani wa filamu, na mimi ni msaidizi wake nisiyeruhusiwa kugusa pasi. Miaka tisa iliyopita niliunguza kola ya mteja. Shangazi alinipa vidonge vyangu mbele ya watu: fundi wa kweli haunguzi nguo, na yeye tangu azaliwe hajaunguza hata kitambaa cha meza. Nikabaki mtu wa vifungo na pindo. Iliniuma, nisikudanganye. Redio nayo aliipiga marufuku katika chumba cha kushonea, sababu hakusema.

Kumbe ana lake.

Ujanani alishona gauni la mzimu kwa ajili ya filamu ya kutisha: bibi harusi anazurura katika jumba bovu, begani ana doa la moto. Doa lile watu wamelibishania miaka thelathini. Sasa likaja kundi jipya kutengeneza filamu ya yaliyotangulia, bibi harusi angali hai, na hadithi nzima imesimama juu ya swali hilo: nani alimchoma? Wakaamua ni mama mkwe, kwa taa. Shangazi akaitwa ashone gauni lilelile, nakala mbili.

Mtaalamu wa moto akajaribu kwenye vipande vya kitambaa: taa, mshumaa, hata kijinga cha kuni. Kila doa likatoka la duara, na lile la kwenye picha za zamani lina ncha. Mwongozaji, kijana wa watu, akakaa sakafuni. Alisema doa lisipofanana watazamaji watamcheka, na filamu yake ya kwanza ndiyo itakuwa ya mwisho.

Shangazi, ambaye asubuhi nzima alijifanya anatafuta sindano, akanyanyuka. Akawasha pasi, akailaza begani mwa gauni, akahesabu hadi sita, akainua. Doa lilelile, na ncha yake.

Wote wakamgeukia.

"Redio ilikuwa inatangaza mpira," akasema, macho chini. "Nikajisahau. Nikawaambia mizimu ndivyo ilivyo, wakaamini."

Mwongozaji akacheka hadi machozi, akakimbilia karatasi zake: mama mkwe sasa atashika pasi ya mkaa.

Mimi sikucheka. Niliwaka. Nikamwuliza Shangazi, na kola yangu je?

Alinitazama, aibu imemjaa usoni kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha akanisogezea pasi, ingali ya moto.

"Gauni la pili lile pale, mwanangu. Doa lake litie wewe. Ila redio bado hapana."