Mlango Mtupu wa Sornam

Mimi na Sornam tumepakana ukuta tangu mtaa wetu wa Chennai ulipokuwa na visima vyenye maji. Siku hizi yamejaa maghorofa, maji hakuna. Watu wanajenga tu, sijui wanadhani watakunywa saruji!

Sornam hushona blauzi za kuvalia sari. Mpole, mpole mpaka anakera. Tangu usichana wake, kila alfajiri humwaga maji mlangoni, akafagia, akachora chini kolamu yake, nakshi ya kukaribisha heri, kwa unga wa mchele. Aliacha tu alipofiwa na mama yake, maana kwetu mlango usio na kolamu ni mlango wa msiba. Hata muuza maziwa hupita kimya.

Kiangazi kile bomba likakauka, lori la maji nalo likatususa. Na ndiyo siku hiyo wazazi wa kijana fulani wanakuja kumwona binti wa Sornam, Yazhini. Vijana wenyewe walishapendana, zilibaki baraka za wazazi. Posa mbili za awali zilishavunjika, eti nyota haziendani, na Sornam alikuwa amekonda kwa wasiwasi.

"Dada, imebaki ndoo moja," akaniambia. "Nikimwaga mlangoni, kahawa ya wageni nitapikia nini?"

Akachagua kahawa. Kolamu akajaribu kuichora pakavu, upepo ukaizoa yote. Tukarudi jikoni kukaanga bajia.

Mara bajaji hiyo nje. Nikachungulia. Mama wa kijana, Thilagam, kavaa hariri, akashusha mguu mmoja, akautazama mlango, akashika shavu. Akamnong'oneza mumewe. Wakapanda tena, bajaji ikageuza.

"Wanaondoka!" nikapiga kelele.

Yazhini, asmini kichwani, akaganda na sinia mkononi. Sornam akashika ukuta.

Jamani, nilichomoka! Miguu mitupu, lami inaunguza. "We bajaji! Simama! Hajafa mtu! Hajafa mtu!"

Wakasimama kwenye kona. Thilagam machozi yanamlenga. "Poleni, dada. Hatukutaka kuwasumbua na mambo ya posa siku ya msiba."

"Msiba gani? Kilichokufa ni bomba!"

Akanikodolea macho. Kisha akaangua kicheko, akampiga mumewe begani. "Unasikia? Kwetu juzi mlango ulikuwa mtupu vilevile, shemeji yangu akaja na shada la maua, analia, anauliza maiti iko wapi!"

Wakarudi. Sornam akawapa maji kwenye bilauri. Thilagam akajimiminia kidogo mdomoni kwa juu, bila kugusa bilauri kwa midomo, yaliyobaki akampa mumewe. Halikudondoka hata tone. Wakala bajia, wakanywa kahawa, wakasifu halua. La posa hakuna aliyelitaja.

Mwisho Thilagam akamgeukia Yazhini. "Mwanangu, unaamka mapema?"

"Naamka, mama."

"Afadhali. Kwetu lori la maji huja Jumanne alfajiri, na mimi magoti haya yamechoka foleni. Utaniwahia wewe."

Sornam akanitazama, hajaelewa.

"Wamekubali, we mwanamke!"

Akaketi palepale sakafuni, akajifunika uso kwa upindo wa sari, akalia kwa sauti. Thilagam na magoti yake mabovu akamfuata chini, akamkumbatia.