Pua ya Mwenyekiti Ukutani

Hadi leo nikipita kwa wauza dagaa wa omena pale Kisumu Ndogo, kuna wanaogusa pua zao wakiniona, nami naangalia chini. Chekeni tu, mimi nilishalia yangu.

Kina mama wa omena walitaka tovuti ili mahoteli yaagize kwao moja kwa moja, na mamangu, ambaye ni mmoja wao, akawasihi wanipe mimi badala ya fundi wa tao, kule mjini. Ingekuwa kazi yangu ya kwanza. Nikatumia faili moja nyepesi ya CSS iliyoandikwa tayari na wajuzi, ile inayopanga rangi, nafasi na ukubwa wa picha (kupanga mwenyewe siwezi, tusidanganyane). Ningeipakua ikae na kazi yangu, lakini nikaona ya nini, nikaweka kiungo tu ili ukurasa uwe unaichukua kwenye intaneti kila ukifunguliwa.

Siku ya kuonyesha, nikabeba ukurasa kwa flash mpaka ukumbi wa kanisa, nikachomeka kwa laptop yao, projekta ikawaka, na hapo ndipo nikagundua laptop haina intaneti, na simu yangu nayo data imeisha. Ukurasa ukatokea uchi. Maandishi yamebanana pembeni, na picha ya mwenyekiti, Mama Akinyi, iliyofaa kukaa kwenye kona, ikajaza ukuta mzima, tena ukuta haukutosha, kwa hivyo kilichoonekana ni pua. Nikashusha ukurasa haraka, nikakuta meno. Nikaupandisha, pua tena.

"Hiyo ni nini?" mmoja akauliza.

"Si ni chairlady," jirani yake akamjibu.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mamangu alikuwa ameinamisha kichwa, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyenisemea.

Mama Akinyi akainua mkono, wakanyamaza. "Nyathina, mwanangu, hii kitu inaweza tengenezeka?"

"Ndio, mama. Nikipata intaneti."

"Basi enda utafute. Sisi tuko hapa."

Nikachomoa flash, nikakimbia mpaka cyber ya mtaa wa Olympic, nikaipakua ile faili (ilichukua muda wa kupiga chafya), nikaiunganisha na ukurasa, nikarudi nikijua nitakuta viti vitupu. Hakuna aliyekuwa ameinuka, na ilikuwa saa ya wateja.

Nimeapa: kila kitu cha kazi nakibeba mwenyewe, na mashine ya watu naijaribu kabla hawajaketi.

Ukurasa ulipotokea umepangika, wakapiga makofi, mamangu kuliko wote. Mama Akinyi akanivuta kando.

"Kazi ni yako," akaninong'oneza. "Lakini ile picha yangu, hauwezi irudisha kubwa kidogo?"