Dresa Aliyependa Kidonda Kikavu

Endabash nzima ilimjua Vedasto Qamara kwa mkono wake mzito. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa dresa wa zahanati, mfunga vidonda, na imani yake ilikuwa moja tu: kidonda sharti kikauke. Akiona kinang'aa kwa majimaji, hata yawe maangavu kama machozi, alikisugua kwa pamba na spiriti mpaka mgonjwa akakiona cha mtema kuni. "Naondoa uchafu," alisema, na watu wakamshukuru huku wakilia, maana huku kwetu dawa isiyouma huonekana si dawa.

Dada yake Selina alipomwagikiwa na sufuria la makande yanayochemka mguuni, Vedasto hakumwachia mtu mwingine kazi ya kumtibu. Kila asubuhi alipita kwake, akabandua bandeji, akasugua. Majimaji yalirudi kila siku, naye akayafuta kila siku. Ulipofika mwezi wa tatu usaha ukaingia, kidonda kikafika mfupani, mguu ukakatwa chini ya goti. Vedasto alimrudisha nyumbani kutoka hospitali, halafu akaanza kuadimika. Alituma salamu kwa wapita njia: kesho nitakuja. Mara kazi, mara mvua, mara ng'ombe. Ukweli ni kwamba alishindwa kuutazama ule upindo wa gauni uliolala mtupu.

Mwaka jana, alipokuwa amebakiza miezi michache astaafu, aliitwa kwenye semina mjini Karatu. Daktari kijana, Aikande, akazungumzia seli shina. Vedasto akajiandaa kusinzia, kwa kuwa habari hiyo aliijua: seli zinazogeuka kuwa nyama mpya. Aikande akasema si hivyo tu. Nyingi hazigeuki kuwa kitu. Zinakaa jirani na mahali palipoumia na kutoa vitu vidogo mno, protini na kadhalika, vinavyoziambia seli zilizojeruhiwa zisife, vinavyoita mishipa midogo ya damu ichipue, vinavyotuliza uvimbe. Wataalamu bado wanachunguza jinsi ya kuvifanya dawa.

"Lakini hata sasa mwili wenyewe unavimwaga kidondani," akasema. "Usaha uondoe. Yale majimaji maangavu usiyapige vita."

Vedasto alinyoosha mkono. "Na mtu akisugua kila siku kwa spiriti?"

"Anaziua seli changa, mzee wangu. Anakianzisha kidonda upya kila asubuhi."

Wenzake walikwenda kula. Yeye alibaki kwenye kiti, akiitazama mikono yake kwa chuki.

Jioni ile ile alimkuta Selina uani akipukuchua mahindi, mguu wa bandia umeegemezwa ukutani. Alimweleza yote bila kujitetea.

"Kwa hiyo ni mikono yangu, dada. Mguu wako niliukata mimi."

"Labda. Na labda ungekatwa hata hivyo, nani ajuaye?" Selina akatupa gunzi. "Hilo nililisamehe nikiwa bado wodini. Lakini miaka sita, Vedasto! Ulikuja kila siku kunisugua, nikalia. Ukaacha kuja, nikalia zaidi. Sikukudai unioteshe mguu mwingine, mdogo wangu. Ungekaa tu hapa karibu."

 Vedasto alijuta kwa mara ya pili siku ile, na majuto haya yalimchoma kuliko yale ya kwanza, kwa sababu kwa hili hakuhitaji semina.

Chini ya goti, pale mguu wa bandia unapobana, ngozi ilikuwa imechubuka na kutoa majimaji kidogo. Aliomba maji yaliyochemshwa na chumvi kiasi, akayasubiri yapoe, akanawa mikono. Mkono ukanyooka wenyewe kutafuta pamba ya kusugulia, akaurudisha. Akamwagia maji taratibu, akafunika kwa kitambaa safi, akaacha.

"Mbona hakiumi?" Selina akashangaa. Kisha akauliza, "Kesho utakuja kukitazama?"

"Kesho nitakuja, dada."

Selina alivuta kapu la mahindi, akaendelea kupukuchua. Jibu hilo alikwisha kuletewa mara nyingi.